Koti Lililodondosha Maji

Mimi ni mwoga, na sioni haya kulisema. Naogopa radi, naogopa mbwa, naogopa mtu anayebisha hodi kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Kwa hiyo nikisema kwamba kimoja kati ya vitu vilivyonitisha zaidi katika ujana wangu lilikuwa koti la kuchorwa, lililotundikwa kwenye msumari ndani ya runinga, msicheke. Au chekeni kidogo, kisha mnisikilize.

Koti hilo lilikuwa katika tangazo la mchezo wa video, filamu fupi ya kutuonjesha mchezo ambao bado haujatoka. Vijana wa siku hizi wanaita trela. Sisi tulisema tangazo tu. Lilikuwa kwenye diski iliyobandikwa juu ya gazeti la Kifaransa, na gazeti lenyewe lilivuka mpaka kutoka Bukavu, Kongo, ndani ya mzigo wa vitenge. Hapa Kamembe, upande wa Rwanda, mashine ya michezo tuliyoweza kuifikia ilikuwa moja, katika chumba cha nyuma cha jirani yetu, Mwislamu aliyetengeneza redio, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Fundi. Aliipata ikiwa mbovu, akaifungua, akaipuliza, akailehemu hapa na pale, ikafufuka. Runinga yake ilikuwa na mstari wa kijani katikati, na baada ya muda tulizoea kuona dunia yote ikiwa imekatwa na mstari wa kijani.

Sehemu ya kwanza ya mchezo huo tulikuwa tumeimaliza wote. Ilimhusu binti na baba yake, wanatoroka nchi yao, na mwishoni daraja linakatika, baba anatumbukia mtoni, na runinga inakuwa nyeusi. Basi. Vijana walitukana waliotengeneza mchezo kwa lugha zote tulizokuwa nazo, na tulikuwa nazo nyingi. Kaka yangu, aliyekuwa na miaka kumi na saba, hakutukana. Aliweka manete, kile kidude cha kuchezea, chini taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Tangazo la sehemu ya pili lilikuwa fupi mno. Usingemaliza kumenya kiazi kabla halijaisha. Binti amekua. Anaingia katika nyumba iliyoungua, mbwa wake mbele. Mbwa anafika kwenye mlango uliofungwa, anasimama, anatikisa mkia. Picha inapita ukutani, ambako saa imesimama na koti la baba yake limetundikwa, kisha giza, kisha neno moja la Kifaransa la kusema kwamba mchezo uko njiani. Lakini diski ile ilikubali kusimamishwa, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Mchana kutwa vijana walijazana mbele ya ule mstari wa kijani, wakisimamisha na kuachia, kila mmoja na maoni yake. Mmoja aliapa kwamba saa ile inaonyesha wakati daraja lilipokatika. Mwingine akasema mkia wa mbwa si dalili ya chochote, mchoraji alikuwa amechoka. Walibishana kama madiwani. Mzee Fundi alikuwa akipita na bisibisi yake, anatikisa kichwa, anasema hajawahi kuona batu banagombana juu ya muntu mwenye hayuko.

Siku moja kaka akaomba wanyamaze. Akagusa kioo kwa kidole.

"Angalieni chini ya koti, hapana juu. Munaona? Maji. Iko inadondosha maji. Kama ule mzee alikufaka zamani mu mto, juu ya nini koti yake ingali na maji?"

Kweli, palikuwa na kidimbwi kidogo sakafuni, tone moja likiwa hewani. Chumba kizima kikapiga kelele, kikampiga kaka mgongoni. Mimi nilikuwa mlangoni na beseni la mama kichwani, na sikupiga kelele. Nilishikwa na baridi. Nilimwona kaka usoni, nikajua hakuwa anazungumza juu ya mchezo.

Baba yetu alikuwa dereva wa lori. Sisi ni Wanyarwanda wa kule: babu zetu walikimbilia Kongo zamani, wazazi wetu walizaliwa huko, na mimi na kaka tulizaliwa Bukavu. Vita ya kwanza ilipoanza, baba alikuwa safarini na mzigo, upande wa msituni. Mama akatukamata mikono, tukavuka mto Rusizi na godoro moja, tukaja Kamembe kumsubiri. Tulisubiri vita ile ikaisha. Ikaja ya pili, nayo tukaisubiri. Hakuna aliyeleta habari, si nzuri wala mbaya.

Na kwetu mtu hawi amekufa kwa sababu tu hajarudi. Awepo aliyemwona, aliyemgusa, aliyemtupia udongo. Bila huyo hukai matanga, na usipokaa matanga huwezi kuyaondoa: hunyoi nywele, huna siku ya kulia ukamaliza. Majirani walimnong'oneza mama kwamba imetosha, afanye hata ibada ndogo. Mama aliwauliza, "Nani alimugusa?" Wakaenda zao. Kwa hiyo nyumba yetu haikuwa nyumba ya mjane wala ya mke. Mama alipanga sambaza zake sokoni, zile dagaa zilizovuliwa na watu wa kisiwa cha Nkombo, akazisifia kwa sauti kubwa kuliko wauzaji wote, na hakuna mteja aliyethubutu kumuuliza juu ya mume.

Jioni ya siku ile ya koti, kaka akamsimulia mama wakati wa kula. Alimweleza mbwa, mlango, maji. Alieleza vizuri, polepole, na mimi nilijua kila neno linaelekea wapi. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Ile filamu iko na muntu aliitengeneza," alisema. "Akaficha bintu ndani juu mutafute. Vita haina muntu wa kutuwekea alama, mwanangu. Kula."

Kaka akala. Ila nilimjua, alikuwa anakula kwa mdomo tu.

Haikupita muda mrefu, mama akamtuma Rusizi ya Kwanza, pale mpakani, kuchukua mifuko kwa mwanamke mmoja mbebaji. Alirudi akiwa anahema, akanivuta nyuma ya nyumba. Kutoka darajani ameona lori limeegeshwa kwenye mteremko upande wa Bukavu. Jekundu, si la bluu kama la baba. Lakini chini ya gurudumu la nyuma kulikuwa na kabari yenye alama ya baba.

Niseme kidogo juu ya kabari. Kwenye milima yetu dereva hawezi kuamini breki peke yake; kila akisimama, kipande cha mti kinawekwa chini ya gurudumu, lisije likaondoka lenyewe likaingia kwenye nyumba za watu. Vipande hivyo huibwa kila siku. Baba alikuwa na kipande cha nondo alichokikunja, akakiweka motoni na kuchoma alama kwenye kabari zake: duara, na mstari mmoja unaolipasua katikati. Alikuwa akituchomea hata kwenye viti vyetu vya jikoni, na mama akimgombeza. Hakuna dereva mwingine aliyekuwa na alama ile.

"Labda la baba liliuzwa, likapakwa rangi," nilisema. "Labda waliokota kabari ya zamani."

"Kadogo, sikia. Muti iko mupya. Iko nyeupe, ingali na maganda. Alama ya papa iko mu muti mupya. Nani aliichoma?"

Maji chini ya koti. Nilitaka sana iwe kweli, na nilikuwa na hofu kubwa kwamba itakuwa kweli. Maana kama baba alikuwa hai, anachonga kabari pale ng'ambo, mahali tunapoweza kumrushia jiwe, basi kwa nini hakuja? Hilo kaka hakulifikiria. Au alilifikiria akalifunika.

Dereva hakuwepo karibu na lori siku ile. Wabebaji walimwambia kaka kwamba lori lile hushusha mizigo Kadutu, ndani ya Bukavu, karibu na soko. Asubuhi iliyofuata akavaa shati lake safi.

"Niko naenda Kadutu tu. Nitarudia mbele ya saa sita. Usiambie maman."

Bukavu wiki ile haikuwa ya kuendewa. Wanajeshi wa kule walikuwa wamegawanyika wenyewe kwa wenyewe, kila kundi na kilima chake, na vijana wenye sura kama zetu walikuwa wanasimamishwa barabarani na kutakiwa wazungumze ili isikilizwe wanatamkaje maneno. Nilimwambia. Nilimshika mkono wa shati mpaka kifungo kikang'oka. Akaniangalia kwa huruma, kama yeye ndiye aliyekuwa anafahamu jambo na mimi ndiye mtoto, akaondoka.

Nilitunza siri kwa muda wa kutembea kutoka nyumbani hadi sokoni. Mwoga hawezi siri. Mama aliponisikia, aliacha beseni la sambaza wazi, bila hata kumwomba jirani aliangalie, na mama hakuwa mtu wa kuacha sambaza. Tulishuka kuelekea mpakani, yeye mbele, mimi nyuma nikijaribu kumfikia. Tulikuwa bado barabarani tulipousikia mlio wa kwanza. Kwanza ulikuwa mmoja, mkavu, kama mtu anayepasua kuni. Halafu ukaja mwingi.

Daraja la Rusizi ni jembamba, na siku ile lilikuwa jembamba zaidi. Watu walikuwa wanakuja upande wetu kama nyumba nzima iliyomwagwa: akina mama na magodoro, wanafunzi na sare, mzee amebeba saa ya ukutani peke yake. Askari wa kwetu waliwaruhusu kuingia ila hawakumruhusu mtu kutoka. Mama aliomba avuke. Wakamkatalia. Akaomba tena kwa Kinyarwanda cha heshima, akaomba kwa Kiswahili, akawatukana kwa Mashi, lugha ya wenyeji wa Bukavu. Wakamkatalia kwa adabu. Basi akasimama pembeni ya njia, akaanza kuangalia nyuso.

Sijui kama mmewahi kuangalia nyuso kwa namna hiyo. Kila kijana mrefu alikuwa kaka, kwa muda mfupi, halafu hakuwa. Milio ilipanda kutoka kilima hadi kilima, na ilipokaribia watu waliinama wote pamoja, na mimi niliinama kabla yao na kuinuka baada yao. Nilitapika kando ya barabara, mbele za watu. Nilikuwa nikiona picha moja tu: daraja linakatika, runinga inakuwa nyeusi. Mzee Fundi alitufuata na chupa ya maji, akaiweka miguuni pa mama, akakaa chini na tasbihi yake. Mimi nilimuuliza Mungu kwa nini nyumba moja itoe watu wawili. Nilimuuliza kwa hasira, na sikujali.

Saa sita ikapita. Watu wakaanza kupungua, na hilo ndilo lilinitisha zaidi, kwa sababu waliobaki nyuma wana sababu ya kubaki. Wanawake waliokuwa wamesimama karibu nasi, mmoja mmoja, walikuwa wameshapata watu wao au wameshaacha kungoja. Mama alikuwa ameshika kile kifungo cha shati la kaka. Sikumbuki nilimpa lini.

Alasiri, mwanamume mnene, mwenye mvi, akaingia darajani akichechemea. Mkono wake mmoja ulikuwa umekumbatia shingo ya kijana kwa nguvu, kama anamkamata mwizi. Kijana alikuwa na shati safi lililochafuka, limekosa kifungo.

Mama hakukimbia. Mimi ndiye niliyekimbia. Nilimrukia kaka, nikampiga kifuani, nikamwita mbwa, nikamnusa, alikuwa ananuka dizeli. Nilikuwa nacheka, naomba radhi kwa askari, nacheka tena. Ni baada ya hapo ndipo nilipoona kwamba kaka hacheki, na kwamba yule mwanamume amevua kofia mbele ya mama.

Alikuwa dereva wa lile lori jekundu. Kaka alimkuta Kadutu muda mfupi kabla ya risasi. Zilipoanza, dereva alimlaza kaka chini ya turubai, na walipoingia njiani, mahali watu walipokuwa wanasimamishwa, alishuka akazungumza Mashi kwa sauti ya juu, akasema, "Huyu ni mutoto yangu, iko na malaria, munataka nini na mutoto yangu?" Waliachiwa. Lori alilitelekeza Muhumba, karibu na mpaka, na njia iliyobaki wakaja kwa miguu. Hayo kaka alituambia baadaye. Pale darajani yule mwanamume hakuyataja. Alitoa mfukoni kipande cha nondo kilichokunjwa, akampa mama kwa mikono miwili.

"Maman, munisamehe. Tulikuwa tunasafiriaka pamoja, yeye na lori yake mbele, mimi na yangu nyuma, juu ya kuvutana mu matope. Batu ya vita balichukua kamyo zetu zote mbili. Tulitembea mu pori. Homa ikamukamata."

Mama aliangalia ile nondo.

"Nilikuya kubatafuta ku nyumba, nikakuta mulishavuka," aliendelea. "Sikujua fasi mulienda, na mimi sikuweza kuvuka wakati ile. Sasa nikawaza, nitachoma alama yake mu miti yangu yote. Kila mara nikipaki hapa ku daraja, ninageuza alama iangalie Rwanda. Siku moja muntu wake ataiona."

Nilimtazama kaka. Kumbe alama ilikuwa imewekwa. Kumbe palikuwa na mtu, miaka yote ile, aliyetuwekea kitu ili tukitafute, na kaka yangu alikisoma sawasawa, kila kitu, mti mpya na maganda, isipokuwa maana yake.

"Ulimugusa?" mama akauliza. "Na mikono yako?"

"Nilimugusa, Maman. Nilimufunga mu turubai yangu. Nilimuzika mimi mwenyewe."

Mama akakaa chini pale pale barabarani, akafungua kitambaa cha kichwa, akakiweka mapajani. Mkono mmoja alimshika kaka kifundo cha mguu, na hakukiachia. Kisha akalia, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani kwetu, na watu waliokuwa wanapita na magodoro yao wakasimama kulia naye, kwa sababu kilio kikishapata mwenyewe kila mtu anaruhusiwa kuingia.

Tulikaa matanga. Mzee Fundi alileta mkeka na redio, akaizima redio, akabaki na mkeka. Dereva alikaa nasi mpaka mwisho kama ndugu, kisha akarudi ng'ambo kutafuta lori lake, akalikuta bila magurudumu. Mama alinyoa nywele, na zilipoota tena zilikuwa nyeupe. Aliuza sambaza kwa sauti ile ile. Lakini sasa alikuwa mjane, na nyumba yetu ilikuwa na jina linaloeleweka.

Mchezo wenyewe ulifika baada ya mwaka hivi, kwa njia ile ile ya vitenge. Vijana wa mtaa walimfuata kaka nyumbani. Alikuwa ameacha kwenda kwa Mzee Fundi, lakini waliona si haki kufungua bila yeye. Akaja. Hakukubali kucheza. Aliniwekea manete mkononi, mimi, mwoga kuliko wote chumbani, akaenda kusimama kwenye fremu ya mlango akiwa tayari kuondoka.

Nilicheza vibaya, nikatukanwa, nikafika. Nyumba iliyoungua. Saa. Koti kwenye msumari, tone kwa tone. Mbwa akaenda mbele ya mlango, akatikisa mkia. Jasho lilinitoka mikononi mpaka manete ikawa inateleza. Nilikuwa naogopa asiwepo, na nilikuwa naogopa zaidi awepo, na nyuma yangu nilisikia kaka akipumua.

Nikabonyeza.

Alikuwepo. Amekaa kwenye kigoda mbele ya moto, amelowa, mzee kuliko tulivyomwacha, mikono imenyooshwa kwenye ndimi za moto na mstari wa kijani umempita kifuani. Chumba kililipuka. Walimfuata kaka mlangoni, wakamkumbatia, wakamwita profesa, wakakumbushana nani alisema nini juu ya mkia wa mbwa. Kaka alikuwa anatazama runinga juu ya vichwa vyao.

"Si niliwaambia," alisema, polepole. "Si niliwaambia iko muzima."

Mmoja akapiga kelele nibonyeze tena, ili binti amkimbilie baba yake na hadithi iendelee. Kaka akaja akakaa sakafuni karibu nami, akaufunika mkono wangu kwa mkono wake. Tulikuwa tunajua mchezo ule unavyofanya kazi: usipobonyeza, mzee atabaki pale, na moto hautazimika.

"Ngoja kwanza, kadogo," akasema. "Iko na baridi."

Tukamwacha aote moto.